Picha Inapokatika Kila Baada ya Dakika Nne: Vipimo vya IGMP Kwenye Mtandao Unaopoteza Pakiti

Mabibi na mabwana, picha ikikatika msikimbilie kuilaumu video. Tazameni saa kwanza. Ikikatika yapata dakika nne na sekunde ishirini baada ya kuanza, tatizo ni uanachama wa kikundi, yaani orodha ya kompyuta zilizoomba mkondo mmoja unaotumwa kwa wengi (multicast): muda wake umekwisha kwenye ruta au kwenye swichi.

Sekunde hizo 260 zina asili yake. Kwa vipimo vya kawaida vya IGMP, lugha ambayo kompyuta na ruta hutumia kupanga uanachama huo, ruta huuliza nani bado anapokea kila baada ya sekunde 125, ikituma swali kwa 224.0.0.1, anwani ya kompyuta zote za mtandao huo, kompyuta hujibu ndani ya sekunde 10, na kigezo cha uthabiti, yaani mizunguko ya kuuliza ambayo ruta huvumilia bila jibu, ni 2. Mara mbili 125, jumlisha 10. Hapo pana nafasi mbili tu za kujibu, na zote mbili zikipotea ruta inafuta kikundi.

Sasa tuchukue mtandao unaopoteza asilimia 10 kila upande, mpokeaji mmoja, na upotevu usiokuja kwa mafungu. Lazima swali lifike na jibu lirudi: 0.9 mara 0.9 ni 0.81. Maana yake asilimia 19 ya mizunguko inaharibika. Siku ina mizunguko 691, na ukipiga hesabu ya kuharibika miwili mfululizo unapata kukatika mara 20 hivi kwa siku. Kigezo kikiwa 3, ni kama mara nne. Kikiwa 5, mara moja kwa wiki. Hakuna kipimo kingine kitakachokupa nafuu ya namna hiyo.

Wengi hupunguza muda wa kuuliza badala yake, tuseme hadi sekunde 30. Nafasi bado ni mbili, ila mizunguko imeongezeka mara nne, na kukatika kunaongezeka vivyo hivyo. Kweli, picha inarudi upesi zaidi. Mtazamaji hatakushukuru kwa hilo.

Kwenye ruta za Juniper amri ni `set protocols igmp robust-count 5`. Msipite 7: toleo la 3 la IGMP hubeba kigezo hiki ndani ya swali kwa biti tatu tu, na kikizidi hapo ruta huandika sifuri. Toleo la 2 halikibebi kabisa, kwa hiyo kiwekeni kwa mkono kwenye kila ruta ya mtandao huo. Kati ya ruta hizo, anayeuliza ni mwenye anwani ndogo kuliko wote. Akizimika, mwingine atashika zamu na vipimo vyake mwenyewe.

Gharama ipo. Kompyuta ikizimwa ghafla bila kuaga, mkondo utaendelea kumwagika kwa sekunde 635. Halafu idadi ya maswali ya mwanachama wa mwisho, yale ambayo ruta huuliza kompyuta ikiaga ili kujua kama yupo mwingine anayepokea, hufuata kigezo hicho hicho: maswali matano kwa nafasi ya sekunde moja ni sekunde tano za mkondo usiotakiwa. Mtu akibadilisha chaneli kwenye njia nyembamba, mikondo miwili inabanana na upotevu unazidi. Shusheni nafasi hiyo hadi sekunde 0.4, mrudi kwenye sekunde mbili. Kumwondoa mwanachama papo hapo, bila kuuliza, kunafaa pale tu ambapo kila mlango wa swichi una mpokeaji mmoja.

Swichi ndizo husahaulika. Swichi inayochungulia IGMP (snooping), ili ipeleke mkondo kwenye milango yenye wapokeaji tu, ina saa yake. Ikibaki kwenye 260 wakati ruta inasubiri 635, swichi ndiyo itakayokata, na jedwali la ruta litaonekana zima kabisa.

Kwenye Wi-Fi, swali hushuka kwa wote bila kuthibitishwa kupokelewa, lakini ripoti hupanda hadi kituo cha Wi-Fi na kuthibitishwa. Kwa hiyo naseni pakiti upande wa mpokeaji, mhesabu maswali: kwa dakika kumi yafike manne au matano.