Usingoje Liume

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo, hamjambo.

Nani hapa anaumwa titi? Naona hakuna mkono. Vizuri. Basi ninyi ndio niliowafuata.

Miaka yangu ya wodini nimelisikia jibu moja mpaka nimelikariri: "Nesi, kilikuwa kijiuvimbe tu, wala hakikuuma." Jipu huuma. Kinundu cha saratani mwanzoni mara nyingi hakiumi; kimetulia kama punje ya kunde, na mama anachota maji, anapika, ananyonyesha. Ngozi ikishakuwa kama ganda la chungwa, au chuchu ikazama ndani, ujue hakikuanza jana, na pengine kimeshafika kwapani.

Sikieni hesabu hii ya mwaka 2022. Katika nchi zilizoendelea kabisa, mwanamke mmoja kati ya 12 hugundulika na saratani ya titi maishani mwake, na mmoja kati ya 71 hufa nayo. Katika nchi za chini kabisa kimaendeleo, hugundulika mmoja kati ya 27, lakini hufa mmoja kati ya 48. Yaani kule, katika wagonjwa sita, anazikwa mmoja. Huku tunazika zaidi ya nusu. Ugonjwa ni uleule. Sisi tunachelewa kugundua, na tukigundua, matibabu yako mbali.

Uingereza mwanamke akifika miaka ya 50 hupelekewa barua ya kwenda kupimwa, kila baada ya miaka mitatu. Marekani tangu 2024 wanashauri kuanza na miaka 40, kila baada ya miwili. Wewe barua hiyo haikujii, mama. Jiite mwenyewe.

Mamogramu ni eksirei ya titi; huona hata kinundu ambacho kidole hakijakigusa. Inabana, sitawadanganya, ila ni kwa sekunde chache tu. Na wakati mwingine hutisha bure: ukiitwa tena, usianze kuaga watu. Kinyama kikishapimwa maabara ndipo tutajua. Wasichana, nyama ya matiti yenu bado imeshikana sana, eksirei haioni vizuri. Ninyi mkihisi kitu, mara nyingi tutaanza na altrasaundi.

Mashine ikiwa mbali, mkono wa nesi upo. Na mkono wako upo pia: hedhi ikishakwisha, lala chali, tumia vidole vitatu, zungusha taratibu mpaka kwapani. Ukilijua titi lako, utajua likibadilika. Ukikuta kitu, usipeleke kwa shangazi kwanza, wala kwa mwenye dawa za mizizi. Shirika la Afya Duniani linataka jibu kamili lipatikane ndani ya siku 60. Mimi nimewaona waliomaliza mwaka mzima wakiuliza majirani.

Kuna aliyeninong'oneza pale mlangoni kwamba anaona aibu. Mficha uchi hazai, dada, na wewe umeshazaa watatu.

Haya, chumba ni kile chenye pazia la kanga. Ndani yuko nesi mwanamke, peke yake. Anayeanza ni nani?