Silensa Ikisumbua, Anza na Hewa Kabla Hujanunua Sensa

Haya jamani karibuni, wale wa nyuma sogeeni mbele kidogo maana leo kuna sauti za kusikiliza na ukikaa mbali itakupita. Hii injini niliyoifunga hapa kwenye stendi ni ya nozeli, siyo kabureta, silinda 4, ya miaka ya 90, zile ambazo kila gereji inaletewa na malalamiko ni yale yale, fundi gari haishiki silensa, yaani injini haitulii ikiunguruma bila kukanyaga mafuta.

Sasa "haishiki silensa" ni neno moja lenye magonjwa mengi ndani yake, ndo maana mwenye gari akifika mi sikimbilii boneti, namuuliza kwanza. Inazima ukiachia mafuta au inapanda na kushuka yenyewe? Inatetemeka asubuhi ikiwa ya baridi au mpaka ipate moto? Ukiwasha AC inataka kuzima? Ukitembea inakuwa nzima kabisa? Hilo la mwisho lishikeni sana, nitalirudia.

Tuelewane kwanza silensa ni nini. Mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, kile kipepeo ndani ya throto bodi, mlango wa hewa ya injini, kimefunga, injini inabaki inapumua kwa kijitundu cha pembeni tu. Kwenye hicho kijitundu kuna vavu ya silensa, kontroo boksi, yaani kompyuta ya injini, inaifungua na kuifunga kidogo kidogo ili injini ikae kwenye mizunguko kama 650 mpaka 850 kwa dakika, inategemea gari. Hewa inayopita hapo ni kidogo sana. Kwa hiyo mpira ukipasuka ufa mdogo tu, ukiwa kwenye mizunguko 3000 hutausikia kwa sababu hewa inayoingia kihalali ni nyingi mno, lakini ukisimama kwenye taa ule ufa unaleta sehemu kubwa ya pumzi ya injini. Ndo maana gari inatembea vizuri halafu ikisimama inakufa, na ndo maana nawaambia anzeni na hewa.

Sikilizeni. Navuta huu mpira mwembamba hapa kwenye manifodi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Mmesikia ule mfyonzo, sssss, na injini imepanda yenyewe? Naziba kwa kidole, inarudi. Hii injini inatumia sensa ya kupima mgandamizo ndani ya manifodi, kwa hiyo hewa ya wizi ikiingia sensa inaona mgandamizo umepanda, kontroo boksi inadhani injini ina mzigo, inaongeza mafuta, silensa inapanda. Lakini gari yenye sensa ya kupima hewa pale karibu na ea klina, hewa ikiingia baada ya sensa haihesabiki, mafuta yanabaki machache, injini inatetemeka, inakosa, inataka kuzima. Ufa ni ule ule na magari mawili yanalia tofauti, na hapa vijana wengi wanapotea kwa sababu wamekariri dalili moja.

Kuutafuta ufa nachukua chupa ya maji ya kupulizia, napuliza kidogo kidogo kwenye mipira, kwenye gasketi ya manifodi, kwenye mipira ya mviringo ya nozeli, pale sauti ikibadilika nasimama hapo hapo. Kuna wanaopuliza petroli, naomba sana msifanye hivyo, eksozi ina moto na waya za plagi zina cheche. Njia nyingine ni plaizi, unaubana mpira mmoja mmoja taratibu injini ikiwa inaunguruma, ukibana mmoja silensa ikatulia basi tatizo liko mbele ya hapo. Msisahau ule mpira mnene unaokwenda kwenye breki, na upande wa chini wa mipira, shika kwa vidole uuzungushe, mpira mkongwe unapasuka kule macho hayafiki. Ukiwa na geji ya vakyumu, ya kupima mfyonzo wa manifodi, ni bora zaidi, injini nzima ukiwa usawa wa bahari inasoma inchi 17 mpaka 22 za zebaki na mshale umetulia, ukiwa sehemu ya mwinuko inasoma pungufu, usije ukaishusha injini ya watu bure.

Sasa niwape kisa kimoja kilichonifundisha. Ililetwa gari inapanda mpaka kama 1800, inashuka ghafla kama 1000, inapanda tena, vuum, vuum, haichoki. Mwenyewe alishazunguka gereji tatu, ameshabadilishiwa sensa ya throto, sensa ya oksijeni, na vavu ya silensa ya mtumba, hela zimeisha na gari ni ile ile, niliumia kumwangalia. Nikafungua rejeta ikiwa ya baridi, maji hayaonekani. Kumbe throto bodi ya gari ile ilikuwa na vavu ya nta, ile inayofungua hewa ya ziada injini ikiwa baridi na kuifunga ikipata moto, na joto lake inalipata kwenye maji ya injini yanayopita chini yake. Maji yamepungua, pale chini pamejaa hewa, ile nta haipati joto, inabaki wazi. Hewa nyingi inaingia, mizunguko inapanda, kontroo boksi inaona kipepeo kimefungwa lakini injini inakimbia, inadhani dereva ameachia mafuta anateremka mlima, inakata mafuta. Mizunguko inashuka, inarudisha mafuta, inapanda tena. Huo ndo ule mchezo wa kupanda na kushuka, kontroo boksi ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa. Tukatafuta maji yanavujia wapi, tukaziba, tukajaza na kutoa hewa, silensa ikakaa. Hakuna sensa hata moja iliyokuwa mbovu.

Njoo na throto bodi yenyewe. Angalieni kitambaa hiki, kilikuwa cheupe, nimepitisha mara moja tu nyuma ya kipepeo. Haya masizi yanatoka kwenye mvuke wa oili unaorudi kuunguzwa, yanajikusanya pale pale pembezoni ambapo hewa ya silensa inapita, tundu linazidi kuwa dogo, ukiachia mafuta ghafla injini inazima. Safisha na dawa yake, safisha na vavu ya silensa mpaka ichezeke vizuri, lakini usiguse ile skrubu ndogo ya kipepeo iliyopakwa rangi kiwandani, ukishaizungusha umevuruga kituo cha sensa ya throto.

Ukishamaliza hewa ndo uje kwenye sensa, na ya kwanza kupima ni ya joto la maji. Chukua mita ya umeme upime ukinzani wake kwa omu, ikiwa baridi ya nyuzi 20 nyingi zinasoma kama omu 2000 mpaka 3000, ikiwa ya moto nyuzi 80 zinashuka kama omu 300. Ikikwama kwenye usomaji wa baridi, kontroo boksi inamimina mafuta siku nzima, moshi mweusi, plagi nyeusi, na taa ya cheki injini inaweza isiwake kabisa kwa sababu usomaji wenyewe bado uko ndani ya kiwango.

Plagi, waya, koili, hayo mnayajua, waya zipulizieni maji gizani mtaona cheche zinakotorokea. Mpira wa vakyumu wa regyuleta ya mafuta, ile inayodhibiti presha ya mafuta, uvueni, ukikuta petroli ndani yake regyuleta imepasuka. Vavu ya kurudisha moshi wa eksozi ikikwama wazi kidogo, injini inatetemeka ikisimama na inakuwa nzima ikitembea, ndo lile swali nililosema nitalirudia. Na kama kila kitu kiko sawa lakini inatetemeka ikiwa ya moto tu, pima nafasi za vavu za injini, zikibana sana vavu haikai vizuri, kompresheni inavuja.

Kuna kijana ameuliza, amesafisha kila kitu, akarudisha betri, silensa ikawa mbaya kuliko mwanzo. Umefanya vizuri kuuliza. Kontroo boksi ilikuwa imejifunza kufungua vavu zaidi kufidia masizi, na ukichomoa betri nyingi zinasahau zilichojifunza. Washa, AC na taa zikiwa zimezimwa, iache ipate moto mpaka feni iwake na kuzima, usiguse mafuta, kisha itembeze kawaida. Ikigoma hata hapo, chukua ile chupa ya maji tuanze tena kwenye gasketi ya throto bodi uliyoifungua, maana hapo ndo mikono yako ilipopita mwisho.