Waya za Meno kwa Mwenye Ngozi Inayochubuka

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Wazazi wenye watoto wa EB huambiwa kwamba meno ya mtoto kama huyo hayawekewi waya wa kuyanyoosha. Ni kweli, daktari?

DKT. MUSA: Kwa wengi wao si kweli, dada Zuhura, na jibu hilo linaniuma kila ninapolisikia. Mtoto anafungiwa mlango kabla hata mdomo wake haujaangaliwa.

ZUHURA: Wapo wasioijua kabisa EB.

DKT. MUSA: Epidamolisisi bulosa. Ni ugonjwa wa kurithi. Tabaka za ngozi hazishikani sawasawa. Katika aina ya distrofiki, hitilafu iko kwenye kolajeni namba saba, ile inayoishikiza ngozi ya juu kwa ya chini. Msuguano kidogo tu, lengelenge limetoka. Ndani ya mdomo ni hivyohivyo. Hauambukizi, na hakuna aliyemroga mtu.

ZUHURA: Wengine hudhani mtoto kaungua moto, na mama anaanza kusemwa.

DKT. MUSA: Wanamwonea bure. Sasa turudi kwenye waya. Jino linaposogezwa, linasogea ndani ya mfupa. Hilo halichubui kitu. Kinachochubua ni kile kidude cha chuma kilichobandikwa kwenye jino, kinapokwaruza shavu mtoto akiongea au akitafuna. Kwa hiyo unatafuta vidude vidogo vyenye kingo laini, unavifunika kwa nta, na unahakikisha ncha ya waya haichomozi kule nyuma. Wengi wenye EB simpleksi, aina ambayo mara nyingi huwa nyepesi, wanatibiwa karibu sawa na mtu mwingine yeyote.

ZUHURA: Na wenye hali kali?

DKT. MUSA: Hapo tunabadilisha lengo. Kwenye distrofiki kali makovu yanaufanya mdomo uwe mdogo mwaka hadi mwaka, ulimi unashikana na sakafu ya mdomo, na vidole vinaweza kuungana hata kushika mswaki ikawa kazi. Meno nayo yanasongamana. Mara nyingi tiba bora kwake ni kung'oa kwa mpangilio: meno fulani ya utotoni kwanza, baadaye pengine magego madogo, ili yanayobaki yapate nafasi ya kuota.

ZUHURA: Kung'oa, daktari? Mtoto huyuhuyu?

DKT. MUSA: Najua linavyotisha. Lakini kidonda cha jino lililong'olewa kwa kawaida hupona vizuri. Meno yaliyobanana mswaki hauyafikii, na mtoto anaishi kwa uji na vyakula laini vyenye sukari. Yakitoboka yote, atahitaji nusu kaputi, na kwa mdomo usiofunguka hiyo ni hatari nyingine kabisa. Ndiyo maana nataka nimwone mapema, meno ya kwanza yanapoanza kuota.

ZUHURA: Na ile aina nyingine, EB ya janksheno?

DKT. MUSA: Kule tabaka gumu la nje la jino lenyewe ni dhaifu. Unaliimarisha jino kwanza, waya baadaye.

ZUHURA: Tupeleke kwenye kiti. Unafanya nini tofauti?

DKT. MUSA: Mafuta ya mgando kwenye midomo, kwenye glovu, kwenye kioo cha kuangalizia. Ukimshika, gandamiza bila kuburuta. Plasta usimbandike. Mrija wa kufyonza mate unauegemeza kwenye jino, kamwe si kwenye shavu. Na pamba: ukiichomoa ikiwa kavu, inatoka na ngozi. Iloweshe kwanza, isubiri, ndipo uitoe. Lengelenge likitokea, litoboe kwa sindano safi, maana ukiliacha linatanuka. Tena muulize mama yake namna ya kumshika. Anajua kuliko sisi.

ZUHURA: Daktari wa meno ambaye hajawahi kumwona mgonjwa wa EB aanzie wapi?

DKT. MUSA: DEBRA, chama cha kusaidia wenye EB kilichoanzia Uingereza mwaka 1978, kina mwongozo wa afya ya kinywa uliohuishwa mwaka 2020. Ausome kabla mtoto hajaja. Na azungumze na daktari wa ngozi. Hapa kwetu kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi.

ZUHURA: Mzazi naye?

DKT. MUSA: Apige simu kabla, aitaje EB kwa jina, aombe miadi ndefu. Siku ya miadi abebe vifaa anavyofungia vidonda vya mtoto nyumbani, kwa sababu kliniki nyingi za meno zina plasta za kawaida tu.