Chuma, Peroksidi na Maji ya Rangi

NEEMA: Karibuni. Leo ni majitaka ya kutia vitambaa rangi. Idi, ukitaja kichocheo cha metali, yaani metali ya kuharakisha mmenyuko, wengi hufikiria fedha au paladi.

IDI: Hizo ziachie maabara. Kiwandani chukua salfati ya feri, inauzwa kwa kilo. Fenton alishaeleza mwaka 1894 jinsi chuma na haidrojeni peroksidi vinavyooksidisha asidi ya tataki. Chuma kinaipasua peroksidi, inatoka radikali ya haidroksili, chembe isiyotulia inayoshambulia chochote karibu yake, nayo ndiyo inayovunja rangi.

NEEMA: Tupe vipimo. Lita moja, rangi miligramu 100.

IDI: Anza na pH. Maji ya rangi za riaktivu, zile zinazojifunga kwenye uzi wenyewe, yana magadi, yanakuja na pH 10 au 11. Tia asidi ya sulfuriki iliyozimuliwa, taratibu, mpaka 3. Magadi yatatoa povu, kwa hiyo chombo kisijae. Kisha salfati ya feri gramu 0.1, ambayo ina chuma miligramu 20. Ikishayeyuka, tia peroksidi ya asilimia 30, mililita 0.6. Igawe mara tatu, kila baada ya dakika 10, huku unakoroga. Ipe saa nzima.

NEEMA: Kwa nini isimiminwe yote?

IDI: Ikizidi inazila radikali zile zile. Jaribu bika tano za lita moja moja, chuma kisibadilike, peroksidi iende mililita 0.2, 0.4, 0.6, 0.8 na 1.

NEEMA: Na asiyejali pH?

IDI: Ikipita 4 chuma kinakuwa kutu, kinashuka chini na kuondoka na rangi. Maji yanang'aa, mtu anashangilia, kumbe rangi imehamia kwenye tope tu! Chota tope hilo, liyeyushe kwa asidi. Umanjano ni wa chuma. Ukiona buluu ya kitambaa, hujavunja kitu.

NEEMA: Wenye batiki wanatumia haidrosi, ule unga wa kuziyeyusha rangi zao. Inaleta shida?

IDI: Kubwa. Haidrosi inaimaliza peroksidi kabla haijafika kwenye rangi. Pulizia maji hewa kwanza; zile rangi zikipata hewa haziyeyuki tena, unazichuja kabla ya kutia dawa yoyote. Chumvi nyingi ya kutilia rangi nayo hupunguza kasi, kwa sababu kloridi inazinasa radikali.

NEEMA: Rangi ikiisha, tumemaliza?

IDI: Bado. Kinachokatika mapema ni kifungo cha azo, yaani naitrojeni mbili zilizoshikana zinazoipa rangi nyingi rangi yake; vipande vyenye pete za benzini vinabaki, na baadhi ni sumu. Pima COD, yaani oksijeni inayohitajika kuoksidisha uchafu uliomo majini. Ila peroksidi iliyobaki inaipandisha COD kwa uongo, kwa hiyo chovya kwanza kijikaratasi cha kupimia peroksidi. Kikibadilika rangi, subiri.

NEEMA: Na tope?

IDI: Pandisha pH hadi 8 kwa chokaa, liache litulie usiku kucha. Kwa kipimo kile, lita 10,000 zinatoa gramu 380 hivi za kutu kavu, bila kuhesabu uchafu mwingine wala jasi ya ile chokaa. Likiwa bichi ni zito mara nyingi zaidi. Likaushie kwenye kitanda cha mchanga chenye paa. Mvua ikilipata, litaishia mtoni.