Chumba cha chini kinachotoka jasho: maongezi na mafundi na wenye nyumba, Bagamoyo

Haya jamani tuanze, wa nyuma sogeeni mbele maana hii spika inakoroma. Nimeombwa niongelee vile vyumba vya chini kwenye nyumba zetu za mawe huku mji mkongwe, vile ambavyo ukiingia lazima ushuke ngazi kwa sababu barabara imeinuliwa kwa kifusi miaka na miaka na nyumba imebaki palepale. Wengi mmevifanya stoo ya madumu na baiskeli mbovu, halafu kijana wa nyumbani ni seremala analipa kodi ya fremu kila mwezi, wakati hapo pangekuwa karakana yake. Mi hapo ndo sielewi.

Sasa wengi wakitaka kukitengeneza, cha kwanza wanakimbilia simenti. Subiri kwanza! Jua maji yanatoka wapi. Chukua kipande cha nailoni, kibandike kwenye sakafu kwa soltepu pande zote nne, kiache siku mbili. Ukikuta matone chini ya nailoni, maji yanapanda kutoka ardhini. Yakiwa juu yake, hayo ni ya hewani. Mara nyingi utakuta yote mawili, ila angalau unajua unapambana na nani.

Tuje kwenye ukuta, na hapa nitakaa sana mnisamehe. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo. Huo ukuta unanyonya maji, ndivyo ulivyo, yanapanda na kutoka taratibu kupitia chokaa. Wewe unakuja unapiga lipu ya simenti ngumu, juu yake rangi ya mafuta, kinang'aa kweli, watu wanakusifia. Maji hayajaondoka! Yamekosa pa kutokea kwa hiyo yanapanda juu zaidi kutafuta njia. Nendeni mkaangalie hizo kuta usawa wa kiuno, lipu imetuna, ukiibonyeza na kidole inameguka kama biskuti iliyolowa kwenye chai, na nyuma yake kuna unga mweupe. Onja kidogo (kidogo tu), ni chumvi. Maji yakikauka yanaiacha palepale inajaa ndani ya lipu mpaka inaipasua. Na chumvi hiyo hewa ikizidi unyevu wa asilimia 75 inanyonya maji yenyewe, na hapa Bagamoyo asubuhi nyingi tunapita hapo, ndo maana ukuta unatoka jasho hata mvua haijanyesha.

Kwa hiyo bandua simenti yote mpaka jiwe lionekane, chumvi iondoe kwa brashi kavu, usimwagie maji maana unairudisha ndani. Halafu uache ukauke. Mafundi wa zamani wana hesabu yao, inchi moja ya unene kwa mwezi, sasa ukuta wa nusu mita piga mwenyewe. Najua Mzee wangu pale anaguna, lakini si lazima usubiri yote, kazi unaanza, lipu ndo inasubiri. Ikifika wakati piga chokaa kwa mchanga, moja kwa tatu, mchanga uwe wa mtoni, ukichota wa pwani umejirudishia chumvi yako mwenyewe. Juu yake niru, ile chokaa ya kupaka, basi.

Na hela ya kwanza iende nje. Kifusi kilichoegemea ukuta kiondolewe, chimba mtaro, maji ya bati yapelekwe mbali. Ndani sakafu weka kokoto, nailoni nzito, zege juu, ila pembeni kuzunguka kuta acha nafasi yenye kokoto tupu, ukiziba kote maji yote yatahamia ukutani.

Hewa: tundu la chini upande huu, la juu upande ule. Kusi ikivuma, Juni hadi Septemba, fungua kutwa. Masika hewa ya nje yenyewe imebeba maji, ukiiingiza kwenye chumba cha baridi inageuka matone, siku za mvua funga mlango.

Bi mkubwa anauliza kuhusu kuwasha jiko ndani kikauke. Hapana mama. La mkaa linatoa hewa ya sumu haina harufu, watu wanalala hawaamki. La gesi nalo kila kilo ikiungua inatoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kama mvuke, sasa hapo umekausha nini? Na jenereta ibaki nje, sitaki hata mjadala.

Umeme mwiteni fundi mwenye leseni, soketi ziwe juu usawa wa kiuno na kuwe na kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachozima umeme ukivuja, maana sakafu yenye unyevu, miguu peku na mashine ya randa ni mchanganyiko mbaya sana.

Vyuma kutu inaviwahi hewa ikipita asilimia 60 hivi. Patasi na meno ya randa yafute kwa mafuta ya cherehani kila jioni, yafungie kwenye sanduku, msumeno usiuegemeze ukutani. Mninga na mkongo nao, weka juu ya vigingi, acha nafasi ukutani na kati ya mbao na mbao. Kabati la mteja ukishamaliza usilihifadhi humo masika nzima, droo zitavimba zisifunguke, litoe juu siku hiyohiyo hata kama hajamalizia hela.

Haya, yule mwenye kofia alinyoosha mkono zamani, uliza.