Bibi Yako Anaitwa Nani?

Mhadhara wa kufungua maonyesho ya kazi za mwisho za wanafunzi wa sanaa za ufundi, Dar es Salaam

Mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazazi mliofunga biashara zenu ili mje kukaa nasi, na ninyi wanangu mnaohitimu: habari za asubuhi.

Naona wanaonijua wameshaanza kutazamana. Wanajua nitasema nini. Ni kweli, jambo hili nimelisema darasani, nimelisema kwenye vikao vya walimu, na mwaka jana nililisema nikiwa nimesimama hapahapa. Nitalisema tena leo kwa sababu bado halijasikika.

Nimefika saa moja, taa hazijawashwa zote. Nimezunguka ukumbi peke yangu, nimetazama kazi zote ishirini na tatu. Wazazi, nawaambieni bila kuwapaka mafuta: watoto wenu wamefanya kazi. Kuna mkono humu ndani, na kuna jicho. Kuna picha ya nyavu pale karibu na mlango ambayo nimesimama mbele yake mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Halafu nikaanza kusoma vile vikaratasi vya maelezo vilivyobandikwa pembeni. "Chimbuko la kazi hii ni Van Gogh." "Nimevutiwa na Picasso." Picasso nimemhesabu mara sita. Frida Kahlo mara tatu. Picha ya nyavu imeandikiwa Jackson Pollock. Wote hao ni wachoraji wa ng'ambo. Wengine wameandika "maisha ya Mwafrika". Mwafrika yupi? Anakaa mtaa gani? Katika vikaratasi 23 sikukuta jina hata moja la mtu ambaye mwanafunzi amewahi kula naye sinia moja.

Nitawapa kisa. Wapo mliokisikia, vumilieni.

Miaka mingi nyuma nilikuwa kwenye jopo la watahini. Akaingia binti mmoja wa Mafia. Alikuwa na turubai kubwa, mita mbili kwa moja na nusu, imejaa michirizi mirefu iliyolala mshazari: zambarau, kijani, na ile rangi ya ukindu uliokauka, si nyeupe na si njano. Akasimama wima kama askari, akasema maneno aliyoyakariri: "Kazi yangu imetokana na Picasso na mtindo wa kubizimu," yaani ule wa kuvunja umbo vipande vipande. Mtahini aliyetoka chuo kingine akamuuliza, picha ipi ya Picasso? Kimya. Akamuuliza tena. Binti akatazama viatu vyake.

Mimi nilikuwa natazama turubai. Kila michirizi miwili ilipokutana, palikuwa na mstari mwembamba ulioinuka kidogo, kama kovu. Na chini kushoto, zambarau ilikuwa imepauka kuliko kwingine. Mwenzangu mmoja alishaandika kwenye karatasi yake kwamba rangi haikuchanganywa sawasawa. Nikamuuliza binti: hii mistari iliyoinuka ni nini?

Akajibu haraka, bila kufikiri: "Hapo ndipo bibi anaposhona."

Basi mlango ukafunguka. Kwa dakika ishirini yule mtoto aliongea hakuna aliyemkatiza. Alitueleza namna ukindu unavyoanikwa mpaka unyauke na kupauka, namna unavyochanwa kwa ncha ya sindano, namna bibi anavyoutia rangi kwenye sufuria kuukuu isiyopikiwa kitu kingine. Alitueleza kwamba bibi husuka ukili, ule utepe wa ukindu, huku anaongea na majirani, hatazami vidole, akikosea vidole ndivyo vinavyomwambia. Ukili unatoka mmoja mrefu, bibi anaupima kwa mikono, pima baada ya pima, kisha anauzungusha na kuushona ubavu kwa ubavu mpaka uwe mkeka. Na rangi ya sufuria ya pili kamwe haifanani na ya kwanza. Bibi haifichi. Anaipeleka upande wa miguuni, atakapolaza miguu anayelala.

Ile zambarau iliyopauka chini kushoto, ile tuliyotaka kuikata alama, ilikuwa sufuria ya pili.

Nikamuuliza: bibi yako anaitwa nani? Akanitazama, akatazama wenzangu, akasema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, kwani naruhusiwa kumwandika?"

Naruhusiwa kumwandika! Mimi swali lile limekaa kifuani kwangu mpaka leo. Nani alimkataza? Hakuna aliyesimama akamwambia usimtaje bibi yako. Lakini kwa miaka mitatu tulimfundisha, na mimi nikiwemo, kwamba sanaa ina majina, na majina yale yote yamezaliwa ng'ambo. Picasso nilimsomesha majuma matatu. Ukili sikuusomesha hata saa moja. Mtoto alitoka kwenye nyumba yenye fundi aliyefanya kazi miaka hamsini, akaja kwangu, nami nikamfundisha kumsahau.

Alibandua kile kikaratasi, akaandika kingine. Siku ya maonyesho bibi mwenyewe alivuka bahari akaja. Akasimama mbele ya turubai muda mrefu, mikono nyuma. Watu walisubiri aseme amependeza, amefurahi, maneno ya siku kama hiyo. Bibi akanyoosha kidole katikati ya ile mistari akasema: "Hapa umeruka mmoja." Tukasogea sote kutazama. Ni kweli, alikuwa ameruka mmoja. Jopo zima la watahini, na digrii zetu, hakuna aliyeliona lile kosa.

Sasa naomba mnielewe kuhusu Picasso, maana huwa naambiwa namchukia. Picasso alikuwa fundi mkubwa. Mwaka 1907, wakati anahangaika na ile picha yake ya wanawake watano, aliingia makumbusho ya Trocadéro pale Paris akakutana na vinyago vya Afrika. Nendeni mkatazame nyuso za wale wanawake wawili wa kulia, mtaviona vinyago bila kuonyeshwa. Mwaka 1920 jarida moja likawauliza wasanii wanasemaje kuhusu sanaa ya watu weusi. Yeye alijibu kwamba haijui. Haijui! Waliovichonga vile vinyago hawakuandikwa majina walipochukuliwa vitu vyao, na aliyevitazama akaendelea kutowataja. Leo mjukuu wa mchongaji anasimama kwenye ukumbi wa Dar es Salaam, anachora sura ya kinyago, anaandika chini: chimbuko, Picasso. Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Tunamshukuru aliyechukua, na aliyechukuliwa hatumuulizii.

Na msidhani ni mambo ya kale. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora kwenye hadibodi kwa rangi ya kung'aa, ile tunayoiita rangi ya baiskeli. Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mtu mwingine. Miaka minne tu ya kuchora, na jina lake leo ni jina la mtindo mzima, linauza picha kutoka Msasani mpaka Zanzibar. Lakini ulizeni: yeye aliutoa wapi mkono ule? Wapo wanaosema kwenye michoro ya kuta za nyumba za kwao kusini. Wapo wanaosema kwenye picha za Wakongo zilizokuwa zikiuzwa mitaani Dar. Wataalamu wanabishana mpaka kesho, kwa sababu mwenyewe aliondoka kabla hajaketi chini akaeleza kwa kirefu. Ninyi mko hai. Mna kalamu. Mnayo nafasi aliyoikosa Tingatinga, mnaitumia kuandika Van Gogh.

Najua kuna mtu pale nyuma anasema moyoni: mwalimu huyu anataka tufunge madirisha, tusitazame ya dunia. Hapana, hapana kabisa. Kufunga madirisha kulishajaribiwa. Lubumbashi, zamani ikiitwa Elisabethville, Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya uchoraji mwaka 1946 akawazuia vijana wake wasifuate picha za Ulaya. Wakatoka humo Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga, na Bela Sara aliyekuwa akipaka rangi kwa ncha za vidole. Kazi zao nazipenda, Bela hasa. Lakini sikubali mtu mzima aamuliwe na mtu mwingine atazame nini. Anayekufungia dirisha na anayekuambia huna nyumba, wote wawili wanakupangia.

Mtazameni mchoraji wetu Sam Ntiro. Alisoma Makerere, akaenda chuo cha sanaa cha Slade, London, akawa hata balozi wetu Uingereza. Ameona kila kitu cha kuonwa. Na alichora nini? Migomba. Watu wa Kilimanjaro wakienda shambani. Wanaume wakibeba pombe ya ndizi usiku kumpelekea bibi harusi: picha hiyo aliichora mwaka 1956, na mwaka 1960 ikanunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. London aliiona, lakini alipoulizwa anatoka wapi hakujibu London. Mimi sitaki zaidi ya hilo. Kama kweli ulikesha ukimtazama Frida Kahlo, mwandike. Andika picha ipi, na ilikufanya nini. Lakini kama jina lake umelipata juzi kwenye simu, saa tano usiku, kwa sababu kikaratasi kilikuwa kitupu, huo ni uongo, na uongo kwenye kikaratasi unaharibu picha iliyo juu yake.

Na yupo mwingine anayesema: lakini bibi si msanii, bibi ni msusi wa mikeka. Hili niliambiwa na mwalimu mwenzangu, tena mtu ninayemheshimu. Nikamuuliza: nionyeshe mpaka. Mkeka una vipimo, una mpangilio wa rangi, una uamuzi wa wapi iende sufuria ya pili. Ukili una jina lake na kanuni zake, na ukikosea unaambiwa. Turubai lako likikosea, nani anakuambia? Kama mnataka kujua maana ya ufundi, nendeni Mwenge mkakae nusu siku na wachongaji wa mpingo. Kaeni tu. Msipige picha.

Na hapo Mwenge mtaona kile kinyago cha watu waliopandana, tunachokiita ujamaa. Jina hilo lilikuja baadaye, pamoja na siasa. Wamakonde wenyewe walikiita dimoongo, na kinahusishwa na mchongaji Roberto Yakobo Sangwani, aliyetoka Msumbiji. Kilichochongwa mwanzoni ni mshindi wa mieleka akiwa amebebwa juu na wenzake. Tazameni vizuri: wa juu ni mmoja, na walio chini ndio wengi, na mchongaji hakuwaacha bila sura. Kila aliyebeba ana macho yake, ana pua yake, ana mbavu zake zinazotutumka kwa uzito. Ni kipande kimoja cha mpingo. Huwezi kumtoa mshindi ukawaacha waliombeba.

Naona mshereheshaji ananionyesha saa. Haya.

Nilikuwa na maneno kuhusu kanga. Kwa kifupi: wawili kati yenu mmetumia kanga, mkachukua pindo na mji, mkaliacha jina, yaani yale maneno yake. Kanga bila jina ni kitambaa. Tutaongea.

Kuhusu kunakili, pale Paa ya Paa, jumba la sanaa la Nairobi, msanii Elimo Njau aliweka kauli yake kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Siongezi kitu.

Bei. Mmeweka bei za chini mno. Msiuze leo, njooni ofisini Jumatatu. Na anayetaka kujua namna ya kuihifadhi rangi ya unga isipauke, aje pia Jumatatu. Hilo lilikuwa nusu ya mhadhara wangu, limeshakwenda.

Jambo la mwisho ni la kufanya, na tunalifanya sasa hivi. Mezani pale nimeweka kadi tupu na kalamu. Kabla ya kusimama kueleza kazi yako, utachukua kadi moja, utaandika jina kamili la mtu mmoja ambaye mkono wake uliuona ukifanya kazi kabla hujaja chuoni. Jina kamili, si "bibi", si "fundi wa mtaani". Kama hulijui, simu unayo, piga uulize, tutakusubiri. Utaibandika juu ya kile kikaratasi cha mwanzo.

Tuanze na ile kazi ya nyavu karibu na mlango. Kijana, njoo. Nimeambiwa mzee wako ni mvuvi na kwamba nyavu zake anazitengeneza mwenyewe. Ni yule aliyevaa kofia, safu ya tatu? Shikamoo, mzee wangu. Karibu mbele, usiogope, hapa ni kwako. Naomba uje na miwani yako. Kuna fundo moja pale kona ya chini, kulia, nimelitazama asubuhi nzima sikulielewa, nataka wewe utuambie kama limefungwa sawa.