Kuchora njia ya sauti chini ya bahari ya Tanga kwa lahajedwali

Karibuni. Ukitaka maikrofoni ya majini inase milipuko ya wavuvi wa baruti, jua kwanza sauti inapinda wapi. Tuichore, tukichukua maji ya kina kati ya Tanga na Pemba.

Fungua lahajedwali. Kuanzia mstari wa pili, safu A weka kina: sifuri, 10, 20, hadi mita 200. Safu B ni joto la maji. Mimi nimeweka nyuzijoto 28 juu, zikishuka sawasawa hadi 15. Hizo ni za mfano tu, ukiwa na kipimo cha kwenu tumia hicho. Safu C ni chumvi: 35, yaani gramu kwa kila kilo ya maji.

Seli D2 inabeba kanuni ya kasi ya sauti majini, iliyotolewa na mwanafizikia Herman Medwin mwaka 1975. Simamisha video uinakili taratibu:

=1449.2+4.6*B2-0.055*B2^2+0.00029*B2^3+(1.34-0.01*B2)*(C2-35)+0.016*A2

Iburute hadi chini. Juu utapata mita 1541 kwa sekunde, chini 1510. Joto ndilo lenye nguvu hapa. Karibu na mdomo wa Mto Pangani shusha pia chumvi ya juu. Ikiwa 30, kasi inapungua mita 5 hivi.

Sauti huinamia kwenye kasi ndogo. Tuirushe kutoka juu, digrii 2 kuelekea chini. Safu E ni pembe ya sauti. E2:

=DEGREES(ACOS(D2/D$2*COS(RADIANS(2))))

Safu F ni umbali wa mlalo kwa mita. F2 andika sifuri, F3:

=F2+(A3-A2)/TAN(RADIANS((E2+E3)/2))

Buruta zote mbili, kisha chora grafu ya nukta, F ikiwa mlalo na A wima, sifuri juu. Mwendo wa kilomita 1.7 hivi tu, na sauti iko mita 200 chini! Maikrofoni inayoning'inia karibu na uso, mbali zaidi ya hapo, imo kwenye kivuli cha sauti, yaani mahali sauti isipofika moja kwa moja. Itategemea mwangwi wa sakafu.

Sasa sehemu ninayoipenda mno. Upepo wa kusi huyavuruga maji ya juu mpaka joto lilingane. Kwenye safu B weka 26 kuanzia juu hadi mita 80. Kwenye mita 60 seli ya pembe italeta alama ya kosa. Usiifute. Kanuni yako ni sahihi: shinikizo la kina limeongeza kasi kidogo kidogo, na sauti imegeuka kurudi juu kwenye mita 58 hivi, kuelekea maikrofoni ileile iliyokuwa kivulini. Kwa hiyo pima joto wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, ndipo ukate kamba ya maikrofoni kwa urefu unaofaa.